Soko la Muziki Lipo Omurushaka, Anayekosekana ni Msanii

Kuna kauli imenikaa kooni tangu wiki iliyopita na haitaki kushuka. Nilikuwa kwa kinyozi hapa Kayanga, wilayani Karagwe, upande mmoja wa kichwa umeshapita mashine, redio imefunguliwa sauti yote. Mtangazaji wa Dar es Salaam anamhoji meneja wa msanii fulani juu ya ziara ya kuitangaza albamu mpya. Mikoa ikatajwa: Dar, Dodoma, Arusha, Mbeya, Mwanza. Mtangazaji akauliza, "Na Kagera?" Meneja akacheka. Akasema watu wa Kagera watajisogeza Mwanza, maana ukishaiacha Bukoba ukaingia huko ndani "hakuna soko la muziki". Mtangazaji akacheka naye. Kisha likaingia tangazo la bia, na baada yake la bando.

Kinyozi aliendelea kunyoa kama hakusikia kitu. Mimi ndiye niliyeshindwa kutulia kwenye kiti. Kama huku hakuna soko, yale matangazo mawili alikuwa anasomewa nani?

Bia inafika Kaisho, kwa majirani zetu wa Kyerwa. Inafika na kunywewa baridi, umeme ukiwepo. Laini za simu zinauzwa Murongo mpaka karibu na daraja la kuvukia Kikagati, Uganda. Soda inafika Nkwenda. Saruji inafika, mabati yanafika, pikipiki za mkopo zinafika kwa malori, na godoro la sita kwa sita nimeliona likipanda mlima juu ya bodaboda, abiria yuko nyuma yake amelikumbatia. Katika vyote vinavyotoka Dar es Salaam, kinachoshindwa kuupanda mlima wa Karagwe ni kimoja tu: mwimbaji wa kilo sitini mwenye simu mbili.

Sensa ya 2012, mwaka ule ule Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe, ilihesabu watu 332,020 upande wa Karagwe na 321,026 upande wa Kyerwa. Manispaa ya Bukoba, ambako ziara ikibahatika kufika Kagera huishia kwenye uwanja wa Kaitaba, ilikuwa na watu 128,796. Jumlisha mwenyewe. Hizo wilaya mbili za "huko ndani" zilikuwa na watu mara tano ya mji wenye uwanja, na hizo ni hesabu za zamani. Sensa ya 2022 imeukuta mkoa mzima ukikaribia watu milioni tatu. Sasa meneja anayekimbia watu mara tano ili akatafute watu huwa anasomea wapi biashara?

Watasema watu wapo, hela hawana. Anayesema hivyo hajawahi kufika Omurushaka mwezi wa Julai. Robusta yetu ikishaanikwa na vyama vya msingi vikishalipa, pale sokoni hupiti bila kukanyagwa. Bei ya kahawa ya maganda imepanda zaidi ya mara mbili ndani ya misimu michache. Zamani mkulima aliyebanwa alikuwa anauza butura, kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, na mwenye hela alikuwa mlanguzi peke yake. Bado wapo wanaofanya hivyo kwa kificho, na ni aibu yetu. Lakini mkulima anayesubiri mnada leo anashika fedha mkononi, na fedha hiyo haikai sana.

Inakwenda wapi? Njoo kwenye harusi moja tu ya Bugene au Nyakahanga. Kadi za mchango zimetembea miezi mitatu. Kamati imekaa vikao vingi kuliko baraza la madiwani. MC analipwa, mpiga picha analipwa, wa mapambo analipwa, na DJ wa spika ndefu kama kabati analipwa kabla hajashusha waya. Na usiku huo albamu ya msanii yule yule asiye na soko kwetu inapigwa kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na bibi wa bwana harusi anakijua kiitikio. Watu wanalipa ili wasikie muziki. Wanalipia spika, wanalipia anayebonyeza kompyuta, wanalipia jenereta. Asiyelipwa ni mwenye wimbo, kwa sababu hayupo.

Yupo jamaa mmoja hapa mjini, anayejiona bingwa wa vyombo vya muziki, aliyeniambia tatizo hasa ni vumbi. Vumbi! Eti barabara ya kutoka Omugakorongo kwenda Murongo ingali ya changarawe kwa sehemu kubwa, na miksa za wasanii zina vifua vyepesi. Waitu, nilitamani kumtafutia maji ya kunywa. Kila kiangazi mikutano ya injili inakuja huku na lori linalofunguka kuwa jukwaa, na jenereta, na spika, na kinanda, na kwaya nzima. Wanakaa wiki. Wanahubiri katika vumbi lile lile, na sauti inasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Sijasikia mhubiri hata mmoja aliyeghairi kuokoa watu kwa ajili ya miksa.

Na wasanii wenyewe, kampeni zikianza, vumbi hawalioni. Mwaka 2020 majina makubwa ya Bongo Fleva yalizunguka nchi na msafara wa mgombea urais wa chama tawala, wakaimba kwenye viwanja visivyo na jani la nyasi, jua la saa nane utosini. Hakuna aliyeulizia soko wala kiyoyozi. Kumbe njia zinapitika anapokuwepo mtu mwingine wa kujaza mafuta. Tukiwa wapiga kura tuna masikio ya kuimbiwa. Uchaguzi ukipita tunarudi kuwa watu wa "huko ndani".

Ninayoyasema nimeyaona Nkwenda. Kuna kijana pale ana kibanda cha upana wa mlango mmoja. Ndani mna kompyuta ya mezani iliyofutika herufi kwenye kibodi, na feni ambayo ameielekeza kwenye kompyuta badala ya kwake mwenyewe. Kazi yake ni kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Nilikaa naye mchana mmoja. Bodaboda anashuka, anachomoa flashi kwenye redio ya pikipiki, hata salamu hatoi: "Niwekee ile mpya, yote." Jero, mia tano. Mama muuza ndizi anafungua fundo la kitenge, anatoa memori kadi ndogo kuliko ukucha, anataka kwaya na Saida Karoli wa zamani, "na ule anaochezaga binti yangu". Kijana haulizi upi. Anaujua. Jero. Kwenye kioo kuna folda imeandikwa MPYA KABISA, na chini yake nyingine, MPYA KABISA 2.

Kijana yule analijua soko la muziki la Kyerwa kuliko meneja yeyote wa Dar es Salaam. Msanii hapati hata senti kwenye jero ile, na hapo namwonea huruma ya kweli. Lakini huwezi kuwakimbia watu na wakati huo huo ukawalaumu kwa kununua kwa mwingine. Shoo ya jukwaani ndiyo bidhaa pekee aliyo nayo msanii wa leo ambayo haiingii kwenye flashi. Angekuja akasimama mbele yao, bodaboda yule angemlipa elfu tano bila kuombwa mara mbili.

Tena tunaambiwa haya sisi, watu wa Kagera! Mwaka 2001 binti wa mkoa huu, Saida Karoli, aliitoa Chambua Kama Karanga. Nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kihaya, kwa ngoma za kwetu, bila kumbembeleza mtu wa Kinondoni aelewe. Nchi nzima ikaimba maneno isiyoyajua maana, wimbo ukavuka mpaka wa Uganda. Miaka kumi na mitano baadaye, 2016, Diamond Platnumz akiwa na Rayvanny akauchukua wimbo huo, ambao pia huitwa Maria Salome, akautengeneza upya kwa jina la Salome, ukawa moja ya nyimbo kubwa za mwaka ule. Yaani muziki wetu umefanywa kama kahawa yetu: unatoka ghafi, unasindikwa kwingine, halafu tunauziwa kwenye flashi na kuambiwa sisi si walaji.

Siku hizi imani hii imeota pembe. Sasa husikii tu kwamba wilayani hakuna soko. Unasikia kwamba ziara bila arena si ziara. Chanzo ni Kigali. Wenzetu walifungua ukumbi wao wa watu 10,000 mwaka 2019, leo unaitwa BK Arena. Kendrick Lamar ameimba pale Desemba 2023, John Legend Februari 2025, na The Ben, kijana wao wenyewe, aliufungua mwaka 2025 pale pale, tarehe 1 Januari, kwa kuitambulisha albamu yake. Hongera zao, sina kinyongo. Kyerwa imetengwa na Rwanda kwa mto Kagera tu, na vijana wa Kaisho wanazijua habari za Kigali kuliko za Dodoma. Lakini wachambuzi wetu wa mitandaoni wamegeuza ukumbi kuwa dini. Kila siku ni kulia: hatuna arena, hatuna arena. Wimbo wa Saida ulikulia kwenye arena gani? Nchi hii ilijifunza Bongo Fleva kwenye viwanja vya mpira na kumbi za bati, na watu walitoka jasho wakalipa.

Wanajua wenyewe kwamba inawezekana. Tamasha la Fiesta limezunguka mikoa kwa miaka mingi, na mmoja wa waliokuwa nyuma yake, marehemu Ruge Mutahaba, alikuwa mtoto wa Kagera, tukamzika Bukoba Machi 2019. Novemba 2018 Wasafi ya Diamond nao walilianzisha tamasha lao Mtwara, mbali kabisa na Tandale ya Dar es Salaam, na Mtwara haikuwa na arena. Tatizo ni kwamba msafara ukifika makao makuu ya mkoa, dereva anazima gari kana kwamba ramani imeishia hapo. Wanasema mdhamini ndiye anayechagua. Haya, mdhamini ni nani? Fiesta iliwahi kuitwa Serengeti Fiesta, baadaye ikaitwa Tigo Fiesta. Bia na simu! Vitu viwili ambavyo nimeshasema viko Kaisho na Murongo miaka yote, vinauzwa na kuisha na kuagizwa tena. Mdhamini anakula Kyerwa halafu anacheza Bukoba.

Nikiligusa tamasha lile la Wasafi, nakumbuka jambo lingine linaloniudhi. Desemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliwafungia Diamond na Rayvanny kwa kuuimba jukwaani, jijini Mwanza, ule wimbo wao wa Mwanza uliokuwa umepigwa marufuku. Magazeti, redio, vijiwe, wote wakakesha na maneno ya wimbo mmoja. Nasubiri siku baraza litakapowaita wasanii na kuwauliza swali la watu wazima: mwaka huu mmefika wilaya ngapi? Sitashangaa wengine wakijibu kwamba Karagwe iko Rwanda. Nikiwa Dar nikitaja kwetu, bado wapo wanaoniuliza kama nilipita na pasipoti.

Mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza, John Hanning Speke, aliingia Karagwe kwa miguu kutoka pwani. Wapagazi walimtoroka njiani, watemi walimtoza hongo, magonjwa yalimwandama. Alifika. Akamkuta mtawala wetu, Omukama Rumanyika, ambaye kila mwezi mwandamo alikuwa na desturi ya kukusanya watu na ngoma mbele ya ikulu yake, na mgeni akayaandika aliyoyaona. Watu wa hapa walikuwa wanajaza uwanja kwa ajili ya ngoma kabla Dar es Salaam haijawa mji. Meneja wetu ana lami kutoka Bukoba mpaka Omurushaka, ana gari lenye kiyoyozi, ana ramani kwenye simu, na bado anauliza kama huku kuna wapenda muziki.

Kwa hiyo wewe unayechora ratiba ya ziara ijayo, chukua kalamu. Njoo Julai au Agosti, kahawa ikiwa imelipwa; usije Aprili tukiwa kwenye mvua na mifuko mitupu, ukaondoka ukitangaza kwamba hakuna watu. Siku ya kwanza Kayanga, uwanja wa Changarawe. Siku ya pili Nkwenda. Anza saa tisa alasiri, kwa sababu wengi watarudi kwao kwa pikipiki na barabara za usiku tunazijua sisi. Kiingilio kiwe shilingi 5,000. Tangaza kwenye redio za hapa hapa, Fadeco na Karagwe, na uwape wasanii wetu wa Kinyambo nusu saa ya kukufungulia jukwaa. Jenereta njoo nayo, umeme wetu usiutegemee. Ukikosa watu, mafuta ya kurudia Bukoba nitalipa mimi.