Kongamano la Madini Lije Maskati, Lakini Mlango Uwe Wazi

Kila baada ya miaka michache wataalamu wa sayansi ya madini na matumizi yake hukutana katika kongamano lao la kimataifa. Lilianza Johannesburg mwaka 1981, na tangu hapo limezunguka: Los Angeles, Göttingen, Brisbane, Trondheim, Istanbul, na mwaka 2019 likafika Belgorod, Urusi. Sisi tunasema Maskati iombe zamu. Lakini tuna sharti, na tutalifikia.

Kwanza tuelewane ni sayansi gani hii, maana mtu akisikia madini hufikiria dhahabu na tanzanaiti tu. Chukua mawe mawili yenye shaba kiwango kile kile. Moja ukilisaga shaba inatoka, la pili unalisaga mpaka linakuwa unga na shaba bado imejificha ndani ya chembe za kitu kingine. Maabara ya kawaida itakwambia shaba ipo kiasi gani. Mtaalamu wa fani hii anakwambia imekaaje humo ndani, na hapo ndipo mgodi unapopata au unapofilisika. Ni elimu hiyo hiyo inayohusu saruji, vigae, chumvi inayokula kuta, na takataka za migodini.

Sasa, kuna nchi ngapi zenye cha kuwaonyesha watu hawa kama Oman? Milima ya Samail ni sakafu ya bahari ya kale pamoja na jiwe la chini yake, vilivyosukumwa juu ya nchi kavu. Jiwe ambalo kwingine limezikwa kilomita kadhaa chini ya bahari, hapa unashuka kwenye gari ukaligusa kwa mkono. Jiwe hilo, peridotaiti, hukamata hewa ya ukaa na kuigeuza kuwa mistari myeupe ya mawe, na kampuni ya hapa hapa Oman, 44.01, ilipata tuzo ya Earthshot mwaka 2022 kwa kazi ya kuiharakisha njia hiyo. Vibao vya udongo vya Iraq ya kale vinataja shaba ya Magan, na wanahistoria wengi wanasema Magan ni huku. Wala si ugeni kwetu kupokea wanasayansi wa mawe: Januari 1990 walikuja Maskati kutoka pande zote za dunia kuzungumzia milima hii hii.

Tukumbuke pia kwamba mwaka 2017 na 2018 mawe yaliyochorongwa katika milima yetu, marefu kama miwa, yalipelekwa Japani yakachunguzwa ndani ya meli ya utafiti iitwayo Chikyu. Hatulaumu, vifaa viko kule. Ila mtoto wetu anayesoma jiolojia hapa anastahili kuwaona wakubwa wa fani yake wakija kwenye mawe, si mawe peke yake yakiwafuata wao.

Jambo la pili linatugusa majumbani. Wazee wetu wa Oman walichoma udongo kwa magogo ya mitende, wakausaga, wakapata sarooj, lipu inayoganda hata kwenye maji, na kwayo wakajenga mafalaji na ngome. Wazee hao hao na ndugu zao wa Unguja walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaisimamisha Mji Mkongwe. Wengi tunaosoma hapa tuna nyumba ya urithi Malindi, Shangani au Lamu, na tunajua kilichotokea fundi alipokuja na mfuko wa saruji: ukuta ukaanza kutoa jasho, rangi ikabanduka, chumvi ikachomoza. Saruji inafungia unyevu ambao chokaa ingeuacha upumue. Beit el Ajaib, iliyojengwa zama za Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kila mwenye ukuta wa zamani aliishika roho yake. Kongamano hili ndipo penye watu wenye darubini za kusema chokaa ipi ichanganywe na udongo upi. Na fundi wa sarooj wa Nizwa akae meza moja na fundi wa chokaa wa Unguja, wapewe mkalimani, wasikilizwe. Wasiwekwe ukumbini kama ngoma ya kukaribisha wageni.

Sharti letu ndilo hili. Mwaka 1981 kongamano la kwanza lilifanyika kwenye ardhi ya Afrika, lakini chini ya ubaguzi wa rangi, na mwanachuoni wa Dar es Salaam hakuwa na njia ya kwenda. Leo ubaguzi ule haupo. Kinachomzuia mhadhiri wa Dodoma ni ada ya mamia ya dola, tiketi, na viza inayotoka siku kongamano limeshafungwa. Huyo ndiye anayefanya kazi na grafiti ya Mahenge na nikeli ya Kabanga, madini ambayo dunia nzima inayagombea. Kongamano la madini lisilokuwa naye litabaki na wauzaji na wanunuzi, mwenye jiwe hayupo.

Kwa hiyo waandaaji watakaopeleka ombi waandike mambo haya tangu ukurasa wa kwanza: ada ya chini kwa wanafunzi na kwa nchi masikini, nafasi za hosteli za chuo na si hoteli ya nyota tano peke yake, barua za mwaliko miezi mingi kabla, na siku mbili kamili za kwenda milimani. Chakula cha usiku cha gala kikipunguzwa, hatudhani kuna atakayelala njaa. Ukumbi si tatizo, upo mkubwa karibu na uwanja wa ndege.

Maombi ya namna hii hutayarishwa miaka kabla ya wageni kufika. Mwenye kijana anayesoma jiolojia chuo kikuu hapa Oman amuulize Ijumaa hii, baada ya chakula, kama idara yake imeshaanza kulizungumza. Kama bado, na yeye amuulize mwalimu wake.