Acheni kuchezea Default Frontend!

Jamani, nimechoka. Kila nikienda kuunganisha programu na seva ya Exchange ya mteja, nakuta mtu amekwisha vuruga konekta za kupokea barua. Sababu ni ile ile: skana ya ofisi ilikataliwa kutuma barua nje, fundi akaona 550 5.7.54, akakimbilia Default Frontend na kuanza kubadilisha visanduku.

Hebu tuelewane. Tangu Exchange 2013, seva ya barua hujiundia konekta tano. Default Frontend ndiyo mlango wa poti 25. Inapokea barua kutoka IP yoyote, bila nywila, lakini za vikoa vyenu tu. Lazima iwe hivyo, la sivyo barua za intaneti hazingeingia. Exchange 2007 ilikuwa kinyume: wasiojulikana walifungiwa mpaka ufungue mwenyewe.

Sasa fundi akitia alama ya Externally secured hapo hapo, ameiambia seva kwamba dunia nzima ni ya kuaminika. Skana inatuma, bosi anafurahi. Mtuma spamu naye anatuma! Kisha IP ya kampuni inaingia kwenye orodha ya Spamhaus, na ankara zinaanza kurudi. Nani analaumiwa? Sisi tulioandika programu ya ankara.

Mtaniambia hakuna muda. Muda gani? Unda konekta mpya, poti 25 hiyo hiyo, uiwekee IP ya skana peke yake, kisha ruhusa ya kutuma nje uipe hiyo. Exchange huchagua konekta ambayo IP zake zinamlenga mtumaji kwa karibu zaidi, kwa hiyo hizo mbili hazigombani. Ni kazi ya dakika chache.

Na Microsoft nao wasijifanye malaika. Default Frontend, ilivyotoka kwao, inamruhusu mtu asiyejulikana ajiite mkurugenzi wa kikoa chenu na kumwandikia mhasibu alipe haraka. Kama mbele yake hamna kichujio kinachokagua SPF, mhasibu atajuaje?

Kwa hiyo mafundi, naomba mambo mawili. Konekta iliyokuja na seva iacheni ipokee barua, basi. Kila kifaa kinachotaka kutuma nje kipewe konekta yake, kwa IP yake. Mkishindwa na hilo, msinipigie simu siku ankara zikirudi.