Acheni kutuambia "jeni ya ALS imepatikana"

Kuna kichwa cha habari kinachorudi magazetini kwetu kama malaria: "Wanasayansi wagundua jeni ya ugonjwa..." Chini yake aya nne zilizonyofolewa kwenye shirika la habari la nje, picha ya mzungu mwenye koti jeupe, basi. Mimi naandika gazetini, najua jinsi habari hizo zinavyopikwa. Nasema zinapotosha. Si kwa makusudi, ni kwa uvivu.

Chukua ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli mpaka mtu anashindwa kutembea, kumeza, mwisho kupumua. Ndio aliokuwa nao Stephen Hawking (yeye aliishi nao miaka 55, wengi hawafikishi mitano).

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani na Ujerumani waligundua kwamba madonge yaliyomo ndani ya neva za wagonjwa ni protini iitwayo TDP-43. Kazi yake ni kushika RNA, yaani ile nakala ya maelekezo inayotoka kwenye jeni, na kuhakikisha vipande visivyotakiwa havibaki humo. Kwa lugha ya chumba cha habari, ni mhariri. Kwa mgonjwa, mhariri huyu anatoka kwenye kiini cha seli na kuganda huko nje. Mezani kwake hakuna mtu, na takataka zinapita. Mwaka 2019 ikaonekana kuwa nakala mojawapo inayoharibika hivyo ni ya stathmini-2, protini ambayo neva inaihitaji ili kujikarabati.

Sasa njoo kwenye jeni. Mwaka 2008 zilipatikana hitilafu kwenye TARDBP, jeni inayotengeneza TDP-43. Mwaka 2009 ikafuata FUS, nayo ya protini inayoshika RNA. Hapo ndipo vichwa vya habari vinapong'ara. Lakini hebu tazama hesabu. Madonge ya TDP-43 yanaonekana kwa wagonjwa wapatao 97 kati ya 100. Wenye hitilafu kwenye jeni yake hawafiki hata watano. Yaani kwa walio wengi jeni hiyo ni nzima kabisa, ila protini haipo mahali pake! Na wagonjwa 90 hivi kwa mia hawana ndugu yeyote aliyewahi kuugua.

Kwa nini napiga kelele? Kwa sababu kwetu neno "jeni" husomwa "ukoo". Ukiandika jeni, jirani anasikia: usioe kule. Jana familia ya mgonjwa iliambiwa imerogwa au ina laana, leo tunaivisha laana ileile koti la maabara. Na hata FUS yenyewe, kwa vijana wanaougua mapema, mara nyingi hitilafu imeanzia kwa mgonjwa mwenyewe. Baba hana, mama hana. Posa ya dada yake inarudishwa kwa lipi?

Atatokea mtu aseme napinga sayansi. Sipingi. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha tofersen, dawa ya wenye hitilafu kwenye jeni ya SOD1. Jeni hiyo ilijulikana tangu 1993! Miaka 30, kwa dawa inayowahusu wagonjwa kama wawili kwa mia, na TDP-43 haiigusi. Sasa yule anayemuuguza mzazi wake, akisoma "jeni yapatikana" akadhani tiba iko njiani, nani atamlipa? TARDBP na FUS zina maana kubwa, lakini ni kwa sababu zimewaonyesha watafiti pa kuchungulia: kile kinachoikumba RNA mhariri akiondoka. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na ndiyo tunayoikata.

Wahariri wangu wanasema hakuna nafasi ya maelezo marefu. Nafasi ya nyota za bahati ipo kila siku.