Upatanisho wa Kisarufi Hauishii Kwenye Mtihani

Mtahiniwa, huenda unadhani utaagana na upatanisho wa kisarufi siku utakapokabidhi karatasi ya Kiswahili. Sikubaliani nawe. Anayeandika programu za kompyuta kwa ajili ya watu wetu anauhitaji kila siku.

Chukua mfano wa Bariadi, mkoani Simiyu, ambako pamba ni zao kuu la biashara. Mkulima amepima pamba yake, anasubiri ujumbe kwenye simu. Programu haitungi sentensi mpya kwa kila mkulima. Hutumia kiolezo, yaani sentensi yenye nafasi wazi. Katika lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiolezo huandikwa hivi: "Kilo %d za pamba zimepokelewa." Alama %d ni nafasi ya namba nzima, %s ni nafasi ya maneno.

Kwa kilo 85, kiolezo hicho ni sahihi. Kwa kilo 1 kinakosea, kwa sababu ngeli ya I-ZI inadai "Kilo 1 ya pamba imepokelewa." Kiingereza huweza kutosheka kwa kuongeza herufi s kwenye nomino. Kiswahili hubadili "ya" kuwa "za" na kitenzi pia. Kwa hiyo, kiolezo kimoja kilichofungiwa ndani ya programu hakitoshi.

Maoni yangu ni kwamba violezo vikae katika faili la pembeni, kimoja cha umoja na kingine cha wingi, visomwe programu inapoendeshwa. Hapo mjuzi wa Kiswahili atasahihisha sentensi bila kuigusa programu yenyewe.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ni nzito. Kiolezo kilichoandikwa ndani ya programu hukaguliwa mapema na kompaila za kisasa. Kinachotoka nje hakikaguliwi hivyo: mfasiri akiweka %s mahali pa %d, programu inaweza kuzimika ghafla. Baya zaidi, maneno ya mtumiaji yakitumiwa kama kiolezo, mtu mwenye nia mbaya ataandika %x ili achungulie kumbukumbu ya kompyuta, au %n ili aibadilishe. Mwaka 2000 udhaifu wa aina hiyo uligunduliwa katika wu-ftpd, programu ya kuhamishia mafaili. Ulimwezesha mvamizi aliye mbali kuitawala kompyuta nzima.

Hata hivyo, dawa si kurudisha violezo ndani. Kiolezo kitoke kwa mfasiri anayejulikana, na kikaguliwe kabla ya kutumika. Maneno ya mtumiaji yajaze nafasi tu: printf("%s", maneno), kamwe si printf(maneno).

Ujumbe wa kilo ukivurugika, anayeumia ni mkulima aliyelima msimu mzima. Kwa hiyo usizikariri ngeli kwa ajili ya alama peke yake. Kuna kazi inazisubiri.

Zoezi: Andika kiolezo cha umoja na cha wingi kwa kila nomino: mzigo, gunia, kitabu.