Vitisho Viitwe Vitisho

Kila uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, huzuka maneno laini ambayo ndani yake hamna ulaini wowote. Mkulima ambaye baba yake alihamia Bonde la Ufa "hushauriwa" kufuata mkondo wa wenyeji. Mwalimu hukumbushwa kwamba uhamisho upo. Mjane mwenye kibanda sokoni huulizwa, kwa tabasamu, kama bado aipenda biashara yake. Ukimhoji msemaji, atakujibu kwamba hakumtisha mtu yeyote. Ametoa onyo tu, tena kwa upendo. La hasha! Hivyo ni vitisho, na dhambi haitakasiki kwa kubadilishiwa jina.

Lugha yetu yenyewe yatufundisha kupambanua. Simba hutisha, na radi hutisha, pasipo kumkusudia mtu. Bali mwanadamu hutishia: humwonyesha mwenzake dhara fulani, ili mwenzake huyo aiache haki yake au atende asilotaka. Kiini cha jambo ni kusudi hilo, wala si ukali wa sauti. Sheria ya Kenya ya makosa ya jinai, katika kifungu cha 238, yafuata njia iyo hiyo: anayetishia kumdhuru mwingine isivyo halali, katika mwili, sifa au mali yake, kwa nia ya kumtia hofu au kumshurutisha, amekwisha kutenda kosa, hata kama mkono haujainuliwa.

Mnamo Agosti 1990 waziri mmoja wa serikali, Peter Okondo, alimwonya hadharani Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana, Eldoret, kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Tarehe 14 Agosti askofu alikwenda, akasema aliyokusudia kusema, na akafa katika ajali ya barabarani akirejea. Waziri alijiuzulu. Hata tukiiweka ajali ile kando kabisa, kosa lilikuwa limetimia siku maneno yale yalipotamkwa. Askofu angalirudi nyumbani salama, vitisho vingalibaki kuwa vitisho.

Tena, si lazima maneno yatamkwe. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya mgombea au wakala wake, mchana kweupe, machoni pa watu wa utawala. Nani angalihitaji kumwambia mkulima lolote? Mlolongo wenyewe ulisema. Viongozi wa makanisa waliupinga tangu mwaka 1986, wakaambiwa wanaingilia siasa. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1992 wananchi walipiga kura kwa siri.

Kanisa linayo kanuni juu ya jambo hili. Katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 172 yabatilisha kura ya mtu aliyeshurutishwa kwa hofu kubwa kumchagua fulani, hata kama shuruti hiyo ilimfikia kwa njia ya kuzunguka tu. Kanuni hiyo yahusu chaguzi za ndani ya Kanisa. Sisemi kwamba yatawala vituo vya serikali. Lakini dhamiri ya mtawa amchaguaye mkuu wa shirika na dhamiri ya mjane amchaguaye diwani ni dhamiri za aina moja.

Upo pia wizi wa pili wa neno hili. Akina mama wakidai hesabu ya fedha za maendeleo ya eneo bunge, mheshimiwa hulia kwamba anatishiwa. Kumwambia kiongozi kwamba hutampigia kura, au kwamba utamshtaki mahakamani, si vitisho, maana humwondolei chochote kilicho chake: kura si mali yake. Lakini padri anayemwambia Mkristo kwamba atanyimwa mazishi kwa sababu ya kura yake, huyo ametishia, na kanzu haimfuniki.

Mwezi Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitaja "madoadoa" miongoni mwa maneno ya chuki. Ilifanya vema. Hata hivyo orodha haitoshi, kwa kuwa mwenye hila hupata neno jipya kesho yake, au hutumia swali la adabu kama lile la sokoni.

Kwa hiyo, ndugu wa Jumuiya Ndogondogo, mtakapoileta habari kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia, msiandike "alinitisha" mkakoma hapo. Andikeni maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, hata yakiwa matamu. Ni nani aliyeyasema, ana mamlaka gani juu yenu, siku gani, mbele ya nani. Kisha andikeni ni jambo gani la haki yenu mliloliacha kwa sababu ya maneno hayo.