Tahadhari: Msichomoe kipini cha mdomo kwa koleo

Masomo yanaanza mwezi wa tisa. Kijana aliyetoga mdomo Kamina au Lubumbashi, akarudi Mulongo likizo, anaambiwa na baba, au na prefe wa shule, au na mchungaji: kesho nisikione kitu hicho. Usiku huohuo anatafuta koleo.

Weka koleo chini.

Kipini cha mdomo kinaweza kuvuliwa nyumbani, na tundu lililopona halileti shida. Shida inaletwa na haraka, na mikono michafu, na maji. Hapa kwetu maji ndiyo ya kuogopa kwanza. Tunateka Lualaba. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara kwenye mto huu, Bukama, Malemba-Nkulu, Mulongo, na kila aliyepanga foleni na bidoni yake mahali pa kutilia klori anajua sababu. Maji hayohayo ndiyo mtu anayosukutulia kinywa chenye kidonda. Yachemshwe. Yachemke kweli, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yaguse mdomo.

Kabla ya kushika chochote, tazama. Tazama mchana, si kwa tochi ya simu.

Mdomo ukiwa umevimba, una moto, unapwita au unatoa usaha, usivue. Wengi hufanya kinyume: wakiona usaha wanachomoa chuma. Tundu la mdomo hujifunga upesi. Likijifunga, usaha uliobaki ndani hauna pa kutokea. Unakuwa jipu. Na jipu la mdomo halichezewi. Mishipa ya damu ya mdomo wa juu imeungana na mishipa ya nyuma ya macho, na hiyo inapakana na ubongo. Uchafu wa mdomo wa chini unaweza kushuka chini ya kidevu, ukavimbisha kinywa kwa ndani, ukausukuma ulimi juu hadi pumzi ikazibwa. Watu hufa hivyo.

Kipini chenye usaha kibaki mahali pake mpaka muuguzi akione. Yeye ndiye atakayesema kitoke au kisubiri.

Usivue pia kama kile kisahani kinachoshikilia kipini kwa ndani ya mdomo hakionekani. Mdomo ukivimba, kijiti kinachopita kwenye tundu kinakuwa kifupi, kisahani kinazama, na baada ya siku chache nyama inakifunika. Ukikivuta kwa nje unapasua mdomo wako mwenyewe. Muuguzi atatia ganzi na kuchana kidogo. Ni kazi ndogo kwake. Kwako wewe na wembe ni balaa.

Na kama tundu halijamaliza miezi miwili au mitatu, bado ni kidonda. Uliza kwanza.

Sasa, mdomo ukiwa mzima, hauna uvimbe wala maumivu, fanya hivi. Kata kucha. Nawa mikono kwa sabuni, wewe na atakayekusaidia, na mwenye kusaidia ni bora kuliko kioo. Kaa wima, kichwa kimeinama kidogo mbele. Usilale chali: kile kigololi cha nje kikidondoka kooni kinaweza kuingia kwenye mapafu. Sukutua kwa maji yaliyochemshwa. Kausha mdomo kwa kitambaa safi, maana chuma chenye mate kinateleza, na kinapoteleza ndipo watu wanakumbuka koleo.

Kipini cha kawaida kina sehemu tatu: kigololi nje, kijiti katikati, kisahani ndani. Msaidizi akamate kisahani kwa kipande cha gozi, akishike kisizunguke. Kwa mkono wa pili azungushe kigololi kuelekea kushoto kwake, kama anavyofungua kifuniko cha chupa. Ukifanya peke yako mbele ya kioo, upande unageuka, na wengi wanaishia kukaza badala ya kulegeza. Kigololi kikitoka, kiwekwe mbali. Kijiti kinatolewa kwa ndani ya kinywa, pamoja na kisahani chake. Hakipitishwi nje.

Kikigoma, acha. Usivute. Nenda kituo cha afya.

Damu kidogo si jambo la kutisha. Bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Isipokoma, nenda ukaonwe. Kisha sukutua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa, kila baada ya kula, kwa siku kadhaa. Bukari ipoe kwanza. Pilipili na sigara zikae kando.

Lutuku, ile pombe kali, si dawa ya kidonda. Inaunguza nyama na kuchelewesha kupona. Dawa ya meno vilevile si dawa ya kidonda. Na ile tabia ya kupasua kapsuli ya antibayotiki na kunyunyiza unga wake, ikomeshwe. Unga huo unaganda juu na kuficha usaha chini, huku wadudu wakizoea dawa tutakayoihitaji kesho.

Kipini kilichovuliwa hakirithiwi. Usimpe rafiki, usimuuzie mdogo wako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata pale damu ilipokauka. Kifungeni, kitupeni chooni.

Wazazi, neno hili ni lenu. Hasira zenu ndizo zinazomtuma mtoto kwenye koleo. Chuma mwilini si kioja kilicholetwa jana: makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyochimbwa mwaka 1957 na 1958, yalitoa mapambo ya shaba ya watu walioishi kwenye bonde hilihili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mnaweza kukikataa kipini nyumbani kwenu. Hiyo ni haki yenu. Lakini mpeni mtoto siku mbili, maji yaliyochemshwa na mkono wa kumsaidia. Na prefe naye, mtoto akileta barua ya muuguzi kwamba kipini kisubiri, aipokee.

Tena ulizeni chanjo ya pepopunda. Zile sindano za utotoni hazilindi maisha yote. Aliyetogwa kwa sindano ya kushonea au kwa kitu chenye udongo, au aliyekwisha kuchokonoa mdomo kwa koleo, aende kituoni hata kama haumwi. Pepopunda kwa kawaida huchukua siku 3 hadi 21 kujitokeza, na huanza kwa taya kukaza. Taya ikishakaza, muda umekwisha kuwa mfupi.

Homa. Uvimbe unaopanda kuelekea jicho au unaoshuka shingoni. Kushindwa kumeza. Kinywa kisichofunguka. Moja tu kati ya hayo linatosha. Nenda siku hiyohiyo. Na kama mgonjwa yuko kambi ya uvuvi, mtumbwi uondoke sasa, mwanga ungalipo, na anywe maji safi njiani ikiwa bado anaweza kumeza.