Kimya Si Mila

Kila unapotajwa mpango wa kuwafundisha vijana wa jamii za wafugaji wa Manyara, au wasichana wa Kimakonde wa Mtwara, stadi za maisha na afya ya uzazi, hoja zinazoupinga ni zilezile. Wanaozitoa wengi wao ni wazazi wanaowapenda watoto wao, kwa hiyo wanastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza: "Mnawafungua macho." Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila wasichana 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamewahi kushika mimba. Hao hawakufunguliwa macho na somo ambalo wengi wao hawakulipata. Mwaka 2018 UNESCO ilitoa upya mwongozo wake wa elimu ya jinsia baada ya kupitia tafiti za nchi nyingi. Haikuonekana kwamba mafunzo haya huwafanya vijana waanze ngono mapema. Baadhi ya tafiti zilionyesha kwamba huwachelewesha.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: eti haya ni mambo ya Wazungu, yamekuja kuua mila. Mila ipi yetu ilinyamaza? Msichana wa Kizaramo akishavunja ungo aliwekwa ndani, akapewa somo, yaani kungwi wake, akafundishwa hedhi, usafi na mwili wake kwa nyimbo na ngoma. Wamakonde walikuwa na unyago wa wasichana, na wavulana walipelekwa jandoni wakafundwa na wakubwa. Elimu ile ilikuwa na mwalimu anayejulikana, na ilitolewa kwa lugha ya nyumbani. Anayeruka sura ya uzazi kwa haya, akawaambia wanafunzi wakaisome wenyewe, ni mwalimu wa darasani. Huko ndiko kimya kilikozaliwa.

Tena mila hizo zimewahi kurekebishwa bila kufa. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana, pamoja na mapadri Waafrika, waliunda jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku, na kwa wasichana wakaweka malango, yaani unyago wa Kikristo. Nchini Kenya, mwaka 1996, kina mama wa Tharaka wakishirikiana na Maendeleo ya Wanawake walianzisha Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani wiki nzima wakifundishwa na kina mama wenyewe, kisha wakatoka kwa sherehe na zawadi. Kila kitu cha mila kilikuwapo isipokuwa wembe. Na hapa niseme wazi: wembe sina cha kuutetea. Mwaka 2015 na 2016, wanawake 58 kati ya kila 100 wa Manyara wenye miaka 15 hadi 49 walikutwa wamekeketwa, ilhali sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18.

"Basi kungwi anatosha," husema wengine. Ningependa iwe hivyo. Lakini kungwi wa zamani alimfunda msichana aliyekaribia kuolewa. Siku hizi, katika mikoa ya kusini, watoto wa shule ya msingi hupelekwa unyagoni wakati wa likizo, wakasikia mafunzo ya mke wa mtu. Na nyimbo za kungwi zilitungwa kabla ya VVU. Hazimwambii msichana aliyebakwa kwamba dawa za kumkinga zipo, na kwamba inabidi azianze kabla ya saa 72 kupita. Kungwi aitwe, aketi na muuguzi, naye muuguzi ajifunze kwake namna ya kuzungumza. Umaasaini somo litolewe kwa Kimaasai, kwa sababu mtoto wa miaka 12 hawezi kuuliza swali la siri kwa Kiswahili anachokutana nacho darasani tu.

Wanaotaka wafundishwe wasichana peke yao wajibu swali moja: wale wasichana 22 kati ya kila 100 walipewa mimba na nani?

Hoja ya mwisho hutoka upande wetu: kijana akishajua, ameokoka. Mradi wa MEMA kwa Vijana, uliofundisha afya ya uzazi shuleni, ulianza mwaka 1999 katika vijiji vya Mwanza. Ulipopimwa baada ya miaka mingi, ujuzi wa vijana ulikuwa umeongezeka, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua. Wapinzani husema hiyo ni hukumu ya kuacha kufundisha. Mimi nasema ujuzi uliachwa peke yake. Msichana wa miaka 14 anaweza kujua kumkataa kijana wa bodaboda. Atamkataaje baba aliyekwishapokea ng'ombe? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo mwaka 2019.

Kwa msichana huyo, stadi ya maisha ni kujua Dawati la Jinsia na Watoto liko kituo kipi cha polisi, na kwamba namba 116 hupigwa bure. Malaigwanani, viongozi wa kimila wa Wamaasai, nao waambiwe hayo barazani, mbele ya baba zake. Na aliyekwisha kujifungua aambiwe kwamba tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu kurudi darasani, na mwalimu mkuu asimdai maelezo ya aibu ili ampokee.